Borghild Halvorsen na Makaburi Yaliyopotea ya Haugdal

Marehemu Borghild Tveit Halvorsen hakupenda wasifu wa mazishi. Alisikiliza wa watu wengi sana katika kanisa hili, akiwa ameketi safu ya pili upande wa mashariki, na kila alipotoka nje alimwambia binti yake Marlys maneno yaleyale: "Huyo waliyemsoma humo ndani simjui. Mimi nilimjua mwingine, mbishi, na mchoyo wa kahawa." Aliacha agizo kwamba wasifu wake usilainishwe. Familia imejitahidi kutii, na mtoto wa kaka yake, Leif Tveit, anayeusoma leo, ameonywa asipunguze sauti akifika kwenye habari za halmashauri.

Borghild alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika shamba la akina Tveit, kilomita tisa kaskazini ya mji wa Haugdal, Saskatchewan, akiwa mtoto wa pili wa Nils na Ragna Tveit. Ilikuwa miaka ya ukame, vumbi likiingia hadi kwenye sahani zilizofunikwa. Lakini habari zake zinaanza kabla ya hapo, maana yeye mwenyewe alizianzia huko. Mama yake, Ragna, alizaliwa katika Haugdal ya kwanza, ile iliyoungua mwaka 1921. Novemba 1918, yale mafua makubwa yalipoingia mjini, mdogo wake Ragna aitwaye Ingvald alifariki akiwa na miaka minne. Baba na mama yao walikuwa hoi kitandani, hawawezi hata kunyanyua kichwa. Wanaume wachache waliokuwa bado wanasimama walimchukua Ingvald pamoja na watoto wa nyumba nyingine, wakawazika kwenye kipande cha ardhi pembeni mwa mji. Ragna, aliyekuwa na miaka saba, alisikia tu magurudumu ya gari la farasi yakiondoka mlangoni. Kabla ya Krismasi alipelekwa kwa ndugu huko Manitoba, akarudi mwaka 1934 akiwa bibi harusi. Alikuta mji umeungua na kujengwa upya, misalaba ya mbao imeteketea pamoja na nyasi, na wale waliojua mahali penyewe wametawanyika kutafuta riziki kwingine. Hakuna aliyeweza kumwonyesha alipolala mdogo wake. Kila mkesha wa Krismasi alilitaja jina la Ingvald kwenye sala ya chakula, na kila mwaka sala ilirefuka mpaka Nils akakohoa.

Masomo yake ya awali Borghild aliyapata katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba lao, kisha akamaliza darasa la kumi na mbili Haugdal mwaka 1956. Alipokuwa na miaka tisa alikuja mwalimu mgeni kutoka Toronto. Mwalimu alimuuliza kalamu yake iko wapi, naye akajibu, "Kusini mwa daftari, Mwalimu." Kwa mtu wa hapa hilo ni jibu la adabu kabisa. Sisi hatusemi kushoto na kulia. Tunamwambia mgeni avute kiti cha magharibi, na paka tunamtafuta kaskazini ya jiko. Mwalimu alidhani anafanyiwa stihizai, akamsimamisha kwenye kona mpaka saa ya kwenda nyumbani. Borghild alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na hakuna hata siku moja aliyosahau kutaja kwamba ilikuwa kona ya kaskazini-magharibi.

Baada ya kozi fupi ya ukarani mjini Regina, aliajiriwa mwaka 1957 katika ofisi ya halmashauri ya Haugdal, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1998. Kazi yake ilikuwa ramani za mashamba. Mkulima akigombana na jirani kuhusu uzio, alikwenda kwa Borghild. Alifungua droo, akatandaza karatasi, akaweka kidole, na ugomvi ukaishia hapo au ukahamia kanisani. Wenyeviti walikuja na kuondoka. Mmoja wao, ambaye jina lake familia imeombwa isilitaje, alisema kwamba kumpinga Borghild juu ya mpaka ni kupoteza mchana mzuri.

Alifunga ndoa na Orrin Halvorsen tarehe 8 Oktoba 1960, katika kanisa hili hili. Orrin alikuwa fundi wa zege, mtu mpole, mwenye mikono iliyopasuka hata kiangazi. Walijaliwa watoto wawili, Marlys na Dale. Wale waliowatembelea wanajua jinsi nyumba ile ilivyokuwa: Borghild akizungumza, Orrin akiitikia, na mara moja kwa wiki Orrin akisema jambo moja ambalo Borghild alilirudia kwa watu mwezi mzima.

Mwaka 1994 mama yake, Ragna, aliugua kwa mara ya mwisho. Siku moja alimshika Borghild mkono, akamwambia, "Mtafutie Ingvald mahali pake. Jiwe dogo tu, mwanangu, lenye jina." Borghild akajibu, "Nitamtafuta, Mama." Aliahidi kama mtu anayeahidi kwenda dukani. Mtu aliyeshinda miaka yote katikati ya ramani angeshindwaje na kaburi moja?

Alishindwa. Vitabu vya kanisa vya miaka ile viliungua. Halmashauri haikuwa na karatasi ya kabla ya moto. Ilikuwa mwaka 2007, baada ya kuandika barua huku na huku hadi akazoeleka kwa ukali wake, ndipo alipopata nakala ya ramani moja ya mwaka 1919, iliyochorwa kwa ajili ya kampuni ya bima ya moto. Siku bahasha ilipofika aliitandaza mezani, akaibana pembe zake kwa vikombe.

"Orrin, njoo uone. Rangi ya njano ni nyumba za mbao."

"Zote ni za njano," Orrin alisema.

"Ndiyo maana ziliungua zote. Hii hapa reli. Huu mtaa, juu ya reli, kama leo. Sasa tazama huku pembeni, kaskazini-mashariki. Unaona nini?"

Orrin alivaa miwani. Kulikuwa na kiboksi kidogo chenye misalaba kumi na mmoja, na kando yake dimbwi lenye umbo la harage.

"Naona kesho hatulali mpaka saa nne asubuhi kama nilivyotarajia," alisema, akaenda kutafuta nondo.

Kaskazini-mashariki ya Haugdal ni shamba la ngano la akina Pruden. Hapo ndipo yalipoanzia mambo ambayo wengi wenu mliyashuhudia na baadhi yenu mliyachekea. Kila vuli, ngano ikishavunwa, Borghild alikwenda na nondo yake, akachoma ardhi hatua kwa hatua akitafuta mahali palipo laini. Orrin alikwenda naye hadi magoti yalipomkataa, na Oktoba 2009 Orrin alifariki. Tangu hapo alikwenda peke yake. Kila mwaka alirudi na matope mpaka kiunoni, bila kitu, akatupa nondo kwenye pikapu kwa kishindo ambacho kilisikika hadi kwenye mgahawa.

Mwenye shamba, Bwana Dwight Pruden, ambaye ndiye mwenyekiti wa halmashauri yetu na yupo hapa leo, alimruhusu, lakini hakufurahi.

"Bi. Borghild, huku umeshatoboa kama chujio. Huna mjomba hapa. Una ukaidi tu."

"Ramani inasema yupo."

"Ramani inasema pia pana dimbwi. Liko wapi dimbwi?"

"Muulize babu yako. Yeye ndiye aliyelifukia ili apate kulima mpaka mwisho."

"Babu yangu alikuwa na farasi wawili na mgongo mbovu. Angelifukia kwa kitu gani, kwa kijiko?"

Kwa miaka kumi na saba Borghild aliwaambia watu wa mji huu, kwenye foleni ya posta, kwenye chakula cha kanisa, na mara moja katikati ya ubatizo, kwamba babu yake Dwight Pruden alifukia dimbwi na kulima juu ya watoto. Dwight alisikia. Mama yake Dwight pia alisikia, na kwa muda mrefu wanawake hao wawili waliketi pande mbili tofauti za kanisa.

Mwaka 2015 alitumia akiba yake kuwaleta vijana wa chuo kikuu wenye mashine ya kutazama chini ya ardhi. Walipata jembe la kukokotwa, mfuniko wa jiko, na mifupa ya farasi. Mgahawani wakamuuliza kama farasi ni wa mjomba. Hakucheka. Marlys alimpigia simu jioni ile akamkuta analia kwa hasira, anasema ramani haidanganyi, haidanganyi, basi ni nani anayedanganya? Mwaka 2018 aliiomba halmashauri itenge kona ile ya shamba isilimwe tena. Mwenyekiti alimjibu, "Kwa heshima zote, Bi. Borghild, tumechoka." Naye akasema, "Mmechoka kukaa." Ombi likakataliwa kwa kura zote, na katika hizo kura ilikuwemo ya Leif mwenyewe, anayesoma karatasi hii.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Januari akalazwa. Alikuwa mgonjwa mgumu kumuuguza. Alimwambia muuguzi amsogezee mto kaskazini kidogo, na muuguzi, mtoto wa hapa, alimsogezea. Ramani alikuwa nayo, imechakaa kwenye mikunjo, na kila mchana alitaka kuitazama, ingawa aliijua kuliko uso wake.

Siku moja ya Februari alishindwa kuishika. Marlys akasimama upande wa miguuni, akamwinulia.

"Umeishika kichwa chini," Borghild alisema. "Hata ramani siku hizi hamjui kushi..."

Marlys alidhani amekatishwa na maumivu, akataka kuishusha.

"Usiishushe! Iache hivyo hivyo. Lile dimbwi. Marlys, unalijua dimbwi lile."

Marlys alichungulia. Lilikuwa lilelile harage, lakini sasa limegeuka, tumbo likitazama juu, kwenye reli. Kila mtoto wa Haugdal analijua, kwa sababu kila mtoto wa Haugdal ameangukia humo. Ni dimbwi la kusini-magharibi, ng'ambo ya reli, nyuma ya ukumbi wa barafu.

Marlys alipiga simu kwenye ofisi ya nyaraka iliyotunza ramani halisi. Karani wa huko aliitoa, akaitazama, akasema ndiyo, mshale wa kaskazini upo, uko pembezoni kabisa, unaelekea chini. Mashine ya nakala ilikuwa ndogo kuliko karatasi, pembezo ikakatwa. Mchoraji wa bima alichora mji kama alivyouona akiwa amesimama stesheni, akiutazama mtaa, na mtaa wakati huo ulikuwa kusini ya reli. Baada ya moto watu walijenga upande wa kaskazini. Hakuna aliyeandika popote kwamba mji umevuka reli, kwa kuwa wakati ule kila mtu alikuwa akijua. Na kwenye ramani kila kilichojengwa kilikuwa kimeungua isipokuwa reli, na reli hata ukiigeuza ni ileile. Mtu mwingine yeyote, wa nchi yoyote, pengine angejiuliza ramani hii inatazama wapi. Sisi hatujiulizi. Kwetu kaskazini iko juu, na aliyezaliwa hapa hawezi kuwazia vingine, hata kama ramani zimekuwa mkate wake kwa miaka arobaini.

"Miaka kumi na saba!" Borghild alisema. "Marlys, miaka kumi na saba nimechoma ngano ya watu!" Akatukana kwa Kinorwe, maneno ambayo Marlys hakujua kwamba mama yake anayajua. Kisha akageuza uso ukutani. Alikuwa amefikia jambo la pili, ambalo Marlys alikuwa bado hajalifikia.

Pale palipochorwa misalaba pana ukumbi wa barafu. Ulijengwa kiangazi cha mwaka 1961, na sakafu yake ya zege ilimwagwa na Orrin Halvorsen. Juu ya sakafu hiyo Borghild mwenyewe alicheza mchezo wetu wa kuserereshea mawe kwenye barafu, kila Alhamisi ya majira ya baridi, kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikuwa nahodha. Sauti yake ikiwaamrisha wenzake wafagie barafu mbele ya jiwe ilivuka reli.

"Nilikuwa napiga kelele juu ya kichwa chake," alisema. "Mtoto wa miaka minne. Na Orrin wangu, mtu asiyeweza kuua panya, kammwagia zege."

"Baba hakujua, Mama."

"Najua hakujua! Hakuna aliyejua! Ndicho kinachoniudhi, hata wa kumlaumu sina!"

Kesho yake aliomba simu, akampigia Dwight Pruden. Mazungumzo hayo yanasomwa hapa kwa idhini ya mwenyekiti.

"Dwight, hapakuwa na dimbwi kwenye shamba lenu."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Babu yako hakufukia kitu. Naomba radhi."

"Miaka kumi na saba, Bi. Borghild. Mama yangu amekufa anaitwa mkwe wa mtu aliyelima makaburi. Sema tena."

"Usizidishe, Dwight." Kisha akaongeza: "Naomba radhi. Kwako na kwa mama yako."

"Haya. Kwa hiyo yuko wapi huyo mjomba?"

Alimweleza. Dwight ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya ukumbi.

"Wajukuu zangu wako mle sasa hivi," alisema.

Halmashauri ilikutana tarehe 12 Machi. Borghild alishiriki kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Hakuomba ukumbi ubomolewe. Aliomba jiwe moja mlangoni, lenye majina yatakayopatikana, na mashine ile ipitishwe juu ya sakafu barafu ikiyeyuka. Leif ndiye aliyetoa hoja, na Dwight Pruden akaiunga mkono. Ikasemwa kwamba mashindano ya mwisho wa msimu hayajaisha. Ikasemwa kwamba wazazi watawazuia watoto kuja kucheza. Mjumbe mmoja akasema ramani hii imeshatudanganya mara moja, tuna hakika gani sasa? Hoja ikaahirishwa hadi vuli.

"Vuli!" sauti ilisikika kutoka mezani. "Nyie, mimi nina wiki mbili, tatu! Ingvald anangoja tangu mwaka 1918, na nyie mnanipa vuli?"

Katibu aliandika kwamba maoni yamepokelewa.

Borghild Tveit Halvorsen alifariki alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka 86, Marlys akiwa pembeni yake. Hakufa kwa utulivu, na familia haitasema hivyo. Alikufa akiwa na hasira na halmashauri, na mshale, na yeye mwenyewe. Usiku ule alimuuliza Marlys mara kadhaa kama barafu imeshaanza kuyeyushwa. Marlys alimjibu kwamba imeanza, na ulikuwa ukweli.

Ametanguliwa na wazazi wake, mumewe Orrin, na kaka yake Torvald. Ameacha binti yake Marlys wa Regina, mwanawe Dale na mkewe Yvonne, wa hapa Haugdal, wajukuu watatu, na Leif, mtoto wa kaka yake. Ameacha pia mjomba wake Ingvald, mwenye miaka minne, na watoto wengine kumi. Majina ya wawili tu kati yao yamepatikana: Petra Lunde na mtoto mchanga wa akina Skaar. Kama kuna mtu hapa mwenye Biblia ya familia ya zamani, tafadhali aifungue leo akifika nyumbani, asisubiri vuli.

Mungu ampe Borghild mapumziko, ingawa tunaomjua tunadhani atakuwa anamhoji mtu huko aliko.

Baada ya maziko mnakaribishwa chakula: supu, mikate ya viazi, na kahawa ya kutosha. Familia iliulizia ukumbi mwingine. Mji huu hauna mwingine wa kuwatosha watu wote hawa, kwa hiyo tutakula kwenye ukumbi wa barafu. Barafu imekwisha, meza zimepangwa juu ya zege. Tunajua hakuna anayevua kofia mle ndani, hatujawahi. Leo, mkifika mlangoni, vueni.